Uanagenzi wa Sheria na Haki za Kidijitali Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa sheria anayesoma au kuishi upande huu, awe wa Kabarak, Egerton, Moi, Kisii au chuo kingine, ambaye anapenda mambo ya faragha, data na uhuru wa kujieleza mtandaoni na hataki kukodi nyumba Nairobi kwa miezi mitatu ili ayajifunze.

Kuna afisi ya haki za kidijitali Kisumu au Nakuru?

Ukitafuta kibao kilichoandikwa hivyo mlangoni utazunguka mji mpaka jua litue. Mashirika yanayojulikana kwa kazi hii, kama Katiba Institute, KICTANet, Article 19 Eastern Africa na kituo cha CIPIT cha Chuo Kikuu cha Strathmore, yote yana makao Nairobi.

Lakini kazi yenyewe ipo huku, ila imejificha ndani ya faili za kawaida. Mama anayedhalilishwa kwa picha zake na mume waliyeachana ni faili ya familia. Mwalimu aliyefutwa kazi kwa ujumbe wa WhatsApp ni faili ya kazi. Kijana aliyekamatwa kwa kumwandika vibaya mwakilishi wa wadi kwenye Facebook ni faili ya jinai. Hakuna hata moja iliyobandikwa jina "kidijitali".

Basi anza na Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo ina matawi Kisumu na Nakuru. Tume ya Haki za Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, ina tawi Kisumu, na ndiyo inayosimamia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina afisi Kisumu na Kitale. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, iko Kisumu pia, na dhuluma za mtandaoni dhidi ya wanawake huingia humo kila mara zikiwa zimefungamana na matunzo ya watoto au talaka. Usisahau afisi ya wakili wa kaunti: kaunti zinashika data za wagonjwa, wafanyabiashara na wenye viwanja, na wapo wanasheria wanaopaswa kuilinda data hiyo wakijua au wasijue.

Baada ya hapo ndipo uende kwa mawakili wa kujitegemea. Wakili mmoja mwenye kesi tatu za jinai za mtandaoni atakufunza zaidi ya shirika kubwa litakalokuweka kuandika ripoti za warsha.

Atachment, uanagenzi na ule muda wa mafunzo chini ya wakili (pupillage), si kitu kimoja?

Hapana. Atachment ni mafunzo ya kazini ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni, na katika afisi za umma kwa kawaida haizidi miezi mitatu. Uanagenzi wa serikali ni wa aliyekwisha kuhitimu, na huenda hadi miezi 12. Miezi sita ya mafunzo chini ya wakili ni sehemu ya safari ya Kenya School of Law, chuo kinachoandaa mawakili. Utaifanya baada ya shahada, na hakuna mafunzo ya chuoni yanayoipunguza hata kwa wiki.

Ukiandika "naomba uanagenzi" kwa afisi ya umma ukiwa mwaka wa tatu, barua yako inaweza kuwekwa kwenye rundo lisilokuhusu. Andika "atachment", taja mwaka wako wa masomo na taja tarehe.

Nitume maombi lini?

Miezi mitatu kabla. Wengi hutoka chuoni kati ya Mei na Agosti, na afisi ndogo huwa na viti viwili tu.

Kuna jambo linalowapita wengi: Mahakama Kuu huwa mapumzikoni kuanzia Agosti 1 hadi Septemba 15, na tena kuanzia Desemba 21 hadi Januari 13. Maombi ya dharura husikizwa, lakini kesi nyingi za kikatiba hazitajwi wala kusikizwa. Anayetaka kuona ombi la kikatiba likibishaniwa aanze Mei. Anayeanza Agosti aende kwenye afisi yenye kazi nyingi za mahakama za hakimu au malalamiko kwa Kamishna, maana huko kazi haisimami.

Ni karatasi zipi huhitajika?

Barua ya chuo yenye muhuri na tarehe za mafunzo, nakala ya matokeo, nakala ya kitambulisho na wasifukazi usiozidi kurasa mbili. Afisi za umma huongeza bima ya ajali, na baadhi hutaka cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi. Ulizia kwanza kama chuo chako kimeshakulipia bima kwenye karo. Vingi hulipia, na wanafunzi huenda kununua nyingine bure.

Barua ya maombi iandikweje ili isitupwe?

Ukurasa mmoja. Usieleze kwamba unapenda teknolojia tangu utotoni. Onyesha kitu ulichofanya. Uamuzi mwingi wa Kamishna wa Data umewekwa kwenye tovuti ya afisi yake. Chagua mmoja, uandike muhtasari wa kurasa mbili: malalamiko yalikuwa nini, mlalamikiwa alijibu nini, kifungu kipi kilivunjwa, amri gani ilitolewa, na wapi wewe ungepinga. Uambatanishe. Wakili akisoma aya mbili tu atajua kama unaweza kufikiri.

Aya ya katikati ya barua inaweza kwenda hivi: "Nimesoma uamuzi kuhusu picha za watoto kuchapishwa bila idhini ya wazazi, na nimeambatanisha muhtasari. Naweza kuandaa rasimu ya malalamiko kwa Kamishna, kutafuta hukumu katika tovuti ya Kenya Law na kupanga ushahidi wa simu. Nitapatikana Jumatatu hadi Ijumaa, Mei 11 hadi Julai 31." Badilisha tarehe. Usinakili yaliyobaki neno kwa neno, maana wenzako nao wanasoma hapa.

Nisome nini kabla ya siku ya kwanza?

Katiba kwanza: kifungu cha 31 cha faragha, cha 33 cha uhuru wa kujieleza, cha 35 cha haki ya habari, na cha 24 kinachosema ni lini haki inaweza kuwekewa mipaka. Hicho cha 24 ndicho wanafunzi hukiruka, na ndicho majaji hukichambua zaidi.

Halafu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pamoja na kanuni zake za 2021. Kuna tarakimu ambazo ukizijua kwa moyo utaokoa muda wa kila mtu. Mtu akiomba kuona data yake, aliye nayo ana siku 7 kumjibu, bila malipo. Akiomba irekebishwe au ifutwe, siku 14. Data ikivuja, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Malalamiko yakifika kwa Kamishna yanapaswa kukamilishwa ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala haizidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Kile kilicho *kidogo*. Wengi huandika kinyume.

Kwa kesi, anza na ya Geoffrey Andare ya 2016, ambapo Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa kuwa kilikuwa na maneno yasiyo na mipaka. Kisha ya Nubian Rights Forum ya Januari 2020 kuhusu Huduma Namba, mfumo wa serikali wa utambulisho wa kidijitali, na ile ya Oktoba 2021 iliyobatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini ya athari kwa data haikufanywa kwanza. Mwisho soma hukumu ya Mei 2025 kuhusu Worldcoin, iliyoagiza data ya mboni za macho ya Wakenya ifutwe. Ukizisoma kwa mpangilio huo utaona hoja zikikua kutoka kwa maneno ya mtu hadi mwili wake.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018 isome ukiwa macho. Ilifanyiwa marekebisho Oktoba 2025, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vifungu vipya. Kabla ya kunukuu kifungu chochote humo, hakikisha bado kinasimama siku hiyo unayoandika.

Nitapewa kazi gani hasa?

Wiki ya kwanza utapiga nakala na kupeleka barua. Usinung'unike. Ukiwa kwenye sajili ya mahakama utajifunza kwa nini stakabadhi hukataliwa: PDF iliyopigwa kwa simu ikiwa na kivuli cha mkono, kurasa zisizo na nambari, viambatisho visivyo na alama ya kamishna wa viapo, malipo yaliyofanywa kwa nambari ya kesi nyingine. Tangu 2024 mahakama kote nchini hupokea kesi kwa njia ya mtandao, na makosa haya madogo hula siku ambazo mteja hana.

Baadaye utapewa rasimu. Tuchukue lile linaloonekana mara nyingi. Mama wa mboga pale soko la Kibuye anapigiwa simu na kampuni ya mikopo ya simu, anaambiwa amwambie jirani yake alipe deni. Yeye hajakopa. Nambari yake imechukuliwa kwenye simu ya jirani.

Kwanza mwandikie barua mwenye kampuni, kwa jina la mama: data gani yangu unayo, uliipata wapi, kwa idhini ya nani, na uifute. Weka ushahidi wa siku barua ilipofika. Siku zile za kujibu na kufuta zikipita, andaa malalamiko kwa Kamishna. Fomu ipo, lakini hata malalamiko ya mdomo hupokelewa na kuandikwa. Eleza kwa tarehe: alipigiwa lini, na nambari ipi, aliambiwa nini. Ambatanisha orodha ya simu zilizoingia, ujumbe na ile barua. Taja kifungu cha 26 kuhusu haki za mwenye data, cha 30 kuhusu msingi halali wa kuchakata, na cha 32, kwa sababu hicho kinaweka mzigo wa kuthibitisha idhini kwa kampuni. Mama hahitaji kuthibitisha kwamba hakukubali. Omba amri ya kufuta data, omba pia fidia, na useme fidia ya nini: usumbufu, aibu sokoni, wateja waliosikia.

Hapa ndipo rasimu nyingi huharibika. Mwanafunzi huandika kurasa nne juu ya utu wa binadamu na mistari miwili juu ya simu zilizopigwa. Geuza uwiano huo. Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo ilitozwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la aina hii, na kilichoiangusha ni majina na nambari zilizochukuliwa kwa watu wengine na jumbe zilizotumwa.

Kosa jingine ni kukimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja. Pale sheria imeweka njia ya kulalamika kwa Kamishna, jaji atauliza kwa nini hukuipitia, na ombi linaweza kutupwa kabla ya kusikizwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna ndiye anayekata rufaa Mahakama Kuu, ndani ya siku 30.

Ushahidi wa simu hushughulikiwaje?

Ukijifunza kitu kimoja tu, jifunze hiki, kwa sababu mawakili wengi wazoefu hawana subira nacho na watakuachia.

Mteja akiingia na simu, usimwambie akutumie skrinshoti halafu aende. Keti naye. Andika aina ya simu na nambari yake ya utambulisho, IMEI, ambayo hutokea ukibonyeza \*#06#. Mwambie asifute chochote, asibadilishe simu, na kama jumbe zimewekwa kujifuta zenyewe, azime mpangilio huo sasa hivi. Fungua mazungumzo. Juu pataonyesha jina alilohifadhi, tuseme "Baba Otis", na hilo halithibitishi lolote, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuhifadhi jina lolote. Bonyeza jina hadi nambari ionekane, piga skrinshoti hiyo kwanza. Kisha rudi juu kabisa, piga ukishuka, kila picha ianze na mstari wa mwisho wa ile iliyotangulia ili mtu asidai kuna kilichorukwa. Tarehe na saa zionekane. Usikate kingo za picha kwa kutafuta urembo.

Kwa chapisho la mtandaoni, nakili anwani nzima ya chapisho, si jina la ukurasa tu, maana jina hubadilishwa usiku mmoja. Rekodi skrini ukifungua kutoka mwanzo hadi lilipo.

Picha zikihama kutoka simu ya mteja kwenda kompyuta ya afisi, zitume kama faili kwa baruapepe au waya. WhatsApp ikizituma kama picha huzibana na kuondoa maelezo yaliyofichwa ndani yake.

Sasa cheti. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachotambulisha rekodi ya kielektroniki, kueleza jinsi ilivyotolewa na vifaa vilivyotumika, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Kama mteja ndiye aliyepiga na karani akachapisha, cheti kieleze mikono yote miwili. Cheti kilichosainiwa na wakili ambaye hakugusa simu wala printa ni zawadi kwa upande wa pili. Na mteja akiwa anaelewa Dholuo tu huku hati ya kiapo ni ya Kiingereza, hati ionyeshe nani alimsomea na kwa lugha gani.

Kuna nisichoruhusiwa kufanya?

Huwezi kusimama mbele ya hakimu kwa niaba ya mteja, wala kutoa ushauri kana kwamba wewe ni wakili, wala kusaini barua ya kisheria kwa jina lako. Sheria ya Mawakili inaadhibu anayejifanya wakili. Shemeji akikuuliza nyumbani "sasa nifanye nini?", mwelekeze afisini.

Na siri za wateja?

Wajibu wa wakili wa kutunza siri unawashika pia walio chini yake. Kwa hiyo usipige selfi faili zikiwa mezani nyuma yako, usimweleze mwenzako wa bweni kesi "bila jina" kwa mji mdogo ambapo kila mtu anajua mwalimu aliyefutwa ni nani, na usihifadhi hati kwenye simu unayowaazima watu. Uliza siku ya kwanza: hati zinahifadhiwa wapi, nani ana nywila, na nikiondoka zinafutwaje. Ukikuta afisi inagawana nywila moja ya baruapepe, pendekeza kwa adabu. Huo nao ni ulinzi wa data.

Naweza kutumia programu za akili unde?

Kwa kusahihisha sarufi, ukiruhusiwa, sawa. Maelezo ya mteja usiyaweke humo. Na usinukuu kesi iliyoletwa na programu mpaka uifungue mwenyewe kwenye Kenya Law na uisome. Hukumu za zamani zina alama ya eKLR, mpya zina nambari kama KEHC au KECA. Programu hubuni zote mbili kwa ufasaha wa kutisha.

Lazima nijue kuandika programu za kompyuta?

Hapana. Jua kupanga faili, kubadilisha PDF iweze kutafutika, na kuelewa data inatoka wapi kwenda wapi.

Hulipwa?

Mara nyingi hulipwi. Afisi nyingine hutoa nauli au chakula cha mchana. Uliza kabla ya kukubali, kwa maandishi na bila aibu: "Je, kuna marupurupu ya nauli?" Kama unatoka Ahero kila siku kwenda Kisumu, au Njoro kwenda mjini Nakuru, piga hesabu ya nauli ya siku 22 kwa mwezi, uzidishe kwa miezi. Ikikushinda, omba siku tatu kwa wiki, ila kwanza thibitisha na chuo kwamba saa zitatosha. Kuacha katikati kwa sababu ya nauli hukuharibia barua ya mapendekezo kuliko kuomba siku chache tangu mwanzo.

Nimepelekwa afisi ya wakili anayeshughulikia mashamba na hakuna kesi hata moja ya data. Nifanyeje?

Afisi ya aina hiyo ina nakala za vitambulisho, picha za pasipoti na nambari za ushuru za KRA za mamia ya watu. Muulize mkuu wako kama afisi imesajiliwa kwa Kamishna. Mwenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 husamehewa, lakini sekta fulani, kama elimu, afya, huduma za fedha na usimamizi wa nyumba, lazima zisajiliwe hata zikiwa ndogo. Cheti hudumu miezi 24. Jitolee kuandaa orodha: data gani tunakusanya, kwa nini, inakaa muda gani, nani anaiona. Kazi hiyo ya kurasa nne, ikifanywa vizuri, huishia kuuzwa kwa wateja wa afisi, kuanzia sacco hadi shule, na wewe ndiye utakayeitwa kuieleza.

Naweza kufanya kwa mbali na shirika la Nairobi?

Unaweza, na kwa utafiti inafaa. Ila hutaona mteja, hutaona karani akikataa hati, na chuo kinaweza kukataa kama hakuna msimamizi wa kutembelewa. Linalofaa zaidi ni kufanya atachment huku, kisha likizo inayofuata uombe utafiti wa mbali ukiwa na kitu cha kuonyesha.

Niondoke na nini siku ya mwisho?

Kitabu cha kumbukumbu kilichosainiwa kila wiki, si kurasa zote Ijumaa ya mwisho. Barua inayotaja kazi ulizofanya, kwa hiyo mpe mkuu wako rasimu yenye hoja tano ili asiandike "alikuwa na nidhamu" akakomea hapo. Pia rasimu moja au mbili ambazo majina, nambari za simu, tarehe na maeneo yameondolewa, kwa idhini ya maandishi ya wakili. Kuziba kwa wino mweusi ndani ya faili ya Word hakutoshi, maana maneno hubaki chini yake na yeyote anaweza kuyanakili. Futa maneno yenyewe, uandike "mlalamishi", ndipo uibadilishe kuwa PDF.